Mapigo Safi ya Mwalimu Pipi

Katika familia yetu binti haolewi mpaka Shangazi amshike mchumba mkono. Sisemi kumpa mkono wa kumkaribisha. Anamkalisha kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, anamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, anafumba macho, halafu anaanza kumhoji. Mapigo yakienda mbio, jibu ni uongo. Yakitulia, jibu ni kweli. Rufaa hakuna, kwa sababu hakimu ni Shangazi, mahakama ni Shangazi, na Baba, ambaye ndiye mwenye nyumba na mwenye binti, kazi yake siku hiyo ni kusogeza viti.

Shangazi ni mwalimu mkuu mstaafu. Anasema enzi zake alikuwa anapita kati ya madawati wakati wa mtihani, anamshika mwanafunzi mkono, na papo hapo anajua kama ana karatasi soksini. Hajawahi kukosea. Hilo tunalijua kutoka kwake mwenyewe, maana wale aliowafukuza shule hakuna aliyerudi kutoa maoni.

Mume wangu alipita kipimo hicho kwa alama za juu. Shangazi alimuuliza kama ana mwanamke mwingine, akasema hana, na mshipa haukushtuka hata kidogo. Shangazi alifumbua macho akatangaza kwamba hajapata kushika mkono uliotulia namna ile. Huyo mwanamke mwingine wakati huo alikuwa na mimba yake ya pili. Yalipokuja kufumuka, nikarudi nyumbani na mabegi yangu, Shangazi alinitazama juu mpaka chini akaniuliza nilimfanyia nini mwanamume wa watu hata akabadilika. Bado nina hasira naye. Sifichi. Mtu asiye na haya, moyo wake una haraka ya kwenda wapi?

Sasa ikafika zamu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu anafanya kazi kwenye duka la miwani, anakata vioo na kunyoosha fremu zilizokaliwa. Ana subira ya kushangaza, na mkono mwepesi. Mchumba wake ni mwalimu wa biolojia wa sekondari, mrefu, mwembamba, mwenye kauli ya upole na ugonjwa mmoja unaojulikana na wote: hawezi kuona mtu akipiga chafya bila kumweleza kilichotokea puani. Sisi tulimwita Mwalimu Pipi. Jina alimpa Baba, kwa sababu mfuko wake wa shati haukosi pipi, na mara mojamoja katikati ya maongezi utamwona ananyamaza, anatoa moja, anaimumunya kwa bidii kama amepewa kazi. Tulidhani ni utoto. Jambo lingine tulilolisifu ni usafi wake. Chakula kikikaribia kutengwa, huyo anakwenda kunawa mikono, na anakaa huko mpaka mtu unajiuliza kama anaoga. Mama, kama angekuwa hai, angempenda kwa hilo.

Kosa lake alilifanya mezani kwetu. Shangazi alikuwa anasimulia, kwa mara nyingine tena, habari za wezi wake wa mitihani, na Mwalimu akashindwa kujizuia.

"Shangazi, samahani," alisema, "mapigo hayapimi uongo. Yanapima hofu."

Meza nzima ikaacha kutafuna.

"Endelea," alisema Shangazi.

Na yeye, masikini, akaendelea. Akaeleza kwamba moyo hauna habari na maneno ya mdomo. Kuna neva ambazo hazingoji amri ya mtu. Ukitishika tu, zinazisukuma tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo, tezi zinamwaga adrenalini kwenye damu, na basi, moyo unadunda, viganja vinalowa, mdomo unakauka, uwe mwizi, uwe mtakatifu. Mtoto mwoga anayesema kweli atadunda. Mwongo mzoefu hatadunda.

Mimi moyoni nilisimama nikampigia makofi. Shangazi alijifuta mdomo taratibu.

"Kwa hiyo unaniambia mapema kwamba mapigo yako yatakwenda mbio," alisema. "Vizuri. Njoo Jumapili."

Usiku huo mdogo wangu alikuja chumbani kwangu roho juu. Shangazi akimkataa Mwalimu, Baba hatatoa baraka, na yeye bila baraka ya Baba haolewi. Nilimwambia mimi baraka nilipewa za kujaza gunia, aniambie ziko wapi. Hakucheka. Alisema anampenda yule mtu na maelezo yake ya chafya, na hataki kumpoteza kwa sababu ya vidole viwili vya bibi kizee. Nilimhurumia. Nilijua Mwalimu ni mwoga. Akiitwa jina tu anashtuka. Kwenye kile kiti angedunda mpaka vifungo vya shati viruke.

Jumapili walifika wawili, Mwalimu na kaka yake, fundi wa friji, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Tulikuwa tumewaambia chakula saa saba. Harufu ya nyama ilikuwa imeenea nyumba nzima. Mwalimu alisalimia, akaomba kwenda kunawa, akapotelea huko kama kawaida yake.

Nitawaambia sasa hivi alichokwenda kufanya, msije mkazubaa kama sisi. Alifanya mambo mawili. La kwanza ni lile alilokuwa akilifanya kila siku bila sisi kujua: alijichoma sindano ya insulini, kwa sababu Mwalimu Pipi ana kisukari tangu utotoni na kongosho lake liligoma kazi zamani. La pili alilifanya kwa mara ya kwanza maishani: alimeza kidonge cha kupunguza mbio za moyo, kile ambacho waimbaji wengine humeza kabla ya kupanda jukwaani wasitetemeke. Alipewa na rafiki yake wa duka la dawa, ambaye hakuambiwa habari ya kisukari. Kwa hesabu zake, angeshikwa mkono, angetulia kama mume wangu, angeshinda, angekula.

Akatoka chooni anatabasamu. Shangazi akamwonyesha kile kiti.

"Chakula baadaye," alisema. "Tumbo likijaa damu inazubaa, sipati kitu cha maana."

Niliona kaka mtu anainua kichwa. Mwalimu naye alifungua mdomo, akaufunga. Kusema kwamba lazima ale sasa hivi kungemlazimu kusema kwa nini, na mbele ya Shangazi, ambaye aliwahi kumkataa kijana mwenye pumu kwa hoja kwamba ukoo wetu si hospitali, hakuthubutu. Akajikaza, akakaa.

Shangazi hakuanza na maswali. Alianza na hotuba. Alitueleza historia ya uaminifu katika familia yetu, akaruka sura inayonihusu mimi, akafika kwenye maadili ya vijana wa leo, akaumba na kuumbua. Baba alikuwa anaitikia kwa kichwa kila sentensi, hata zile zilizomsema yeye. Wakati huo insulini ilikuwa kazini. Insulini ya mtu mwenye afya inatoka kidogo kidogo, kongosho linasikiliza kwanza kuna sukari kiasi gani kwenye damu. Ya sindano haisikilizi mtu. Ikishaingia inaitoa sukari kwenye damu inaisukumia kwenye misuli, chakula kiwe kimekuja au kiwe kimezuiwa na Shangazi.

Sukari ikishuka mno, mwili hupiga kelele. Neva zilezile, tezi zilezile, adrenalini ileile: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, na Mwalimu akisikia hivyo anatoa pipi yake. Ndiyo maana ya zile pipi. Mwili hauna kengele mbili, moja ya hofu na nyingine ya njaa; unayo moja. Na yeye, mwalimu wa biolojia, mwenye kujua jina la kila neva na kila tezi, alikuwa ameizima kengele hiyo kwa kidonge ili Shangazi asiisikie, na sasa hata yeye hakuisikia.

Elimu ni kitu kizuri sana, ila ikikutana na wakwe inakimbilia chini ya meza.

"Lete mkono," alisema Shangazi hatimaye.

Akafumba macho. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha Baba, amekamata mgongo wa kiti kwa mikono miwili.

"Unaitwa mwalimu. Je, umewahi kumwibia mwanafunzi haki yake?"

"Hapana."

"Unampenda huyu binti?"

"Ndiyo."

Shangazi alikunja uso, akasogeza vidole, akabonyeza tena. Nilijua anatafuta zile mbio alizoahidiwa. Hakuzipata. Nikaona anaanza kuvutiwa, uso unalegea, na uso huohuo niliuona siku ya mume wangu.

"Mbona ametulia hivi," alinong'ona. "Na maneno yote yale."

Lakini mimi nilikuwa namtazama Mwalimu usoni. Jasho jembamba lilikuwa linamtiririka kutoka kwenye nywele mpaka kwenye ukosi, na chumba kile hakikuwa na joto. Kidonge kinazuia moyo, jasho hakilizuii. Macho yake yalikuwa yanamwangalia Shangazi kwa udadisi mkubwa, yanamchunguza kama aliyeletewa kitu cha kufanyia mazoezi darasani.

"Kuna jambo unatuficha?" aliuliza Shangazi.

"Shangazi," alisema Mwalimu kwa sauti nzito ya usingizi, "una ndevu."

Baba alikohoa.

"Umesemaje?"

"Ndevu. Mbili. Hapa." Akajigusa kidevu kwa mkono ulio huru. "Ni homoni. Umri ukienda, zile za kike zinapungua. Si kosa lako. Usizing'oe."

Sijui nyumba nyingine, lakini kwetu hakuna aliyewahi kuzitaja zile ndevu. Tumekula nazo chakula, tumesali nazo, tumezikwepa kwa macho miaka na miaka. Nilibana meno mpaka machozi yakanitoka. Na uzuri wenyewe ni huu: Shangazi alikuwa bado amemshika mkono, na mkono ulikuwa umetulia tuli. Kwa sheria yake mwenyewe, iliyoniozesha mimi na ambayo ingemwozesha mdogo wangu, kila neno lililotamkwa lilikuwa kweli tupu.

"Huyu amelewa!" alisema Shangazi.

"Futa ubao," alijibu Mwalimu. "Kengele imelia. Futeni ubao muende." Kisha akateleza kutoka kwenye kiti, polepole, bega kwanza, akalala sakafuni.

Kaka yake alikuwa ameshasimama. "Sukari!" alipiga kelele. "Leteni sukari!"

"Chai itakuja baadaye," alisema Shangazi, "kwanza tumalize..."

"Ana kisukari! Sukari yake imeshuka, anakufa! Sukari!"

Mdogo wangu ndiye aliyekimbia. Alirudi na kopo zima la sukari kutoka jikoni, nusu imemwagika njiani. Kaka mtu alimlaza ubavu, akalowanisha kidole, akachovya kwenye sukari, akampaka ndani ya shavu na kwenye ufizi, kidogo, tena kidogo, asije akapaliwa. Mdogo wangu alipiga magoti akamshika kichwa. Nilimsikia anasema, "Usiniache, usiniache," kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Mimi niliogopa. Nilikuwa nimebana kicheko nusu dakika tu kabla.

Na Shangazi? Shangazi alikuwa ameinama naye, vidole viwili bado viko kwenye kile kifundo cha mkono.

"Mapigo ni safi," alitutuliza. "Mapigo ni safi kabisa."

Mtu yuko chini, midomo imepauka, macho yamegeuka, na mtaalamu wetu anatoa majibu ya kipimo. Ningekuwa na kitu mkononi ningemrushia.

Alizinduka taratibu. Kwanza alimeza mate, halafu akaulamba ule mchanganyiko wa sukari na jasho, halafu akaguna. Alipoweza kukaa tulimpa maji ya matunda, baadaye mkate, na kaka yake akamtoboa kidole na kusoma kipimo chake kidogo alichokuwa amekificha mfukoni, akasema sukari inapanda, ila twende hospitali wamwone kabla ya jioni, kwa sababu hajui kwa nini safari hii hakutetemeka. Ndipo Mwalimu, akiwa ameegemea mguu wa meza na makombo kifuani, akatoa habari ya kidonge. Aliisema akiangalia sakafu. Kaka yake alimtukana tusi moja tu, fupi, la kindugu.

Shangazi alinyanyuka, akanyoosha nguo yake. Nilitegemea aombe radhi. Nilikuwa bado sijamjua.

"Mimi nimemaliza kazi yangu," alimwambia Baba. "Huyu ameiba mtihani. Ndani ya nyumba yako, mkononi mwangu, ameiba mtihani. Amefeli."

"Shangazi," nilisema, na sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, "mtu alikuwa anakata roho umemshika mkono ukasema mapigo ni safi!"

"Na yalikuwa safi! Mimi napima, sitibu."

"Ya mume wangu pia yalikuwa safi! Umepima nini maisha yako yote?"

"Dada," alisema mdogo wangu. "Nyamaza kidogo. Na wewe Shangazi, tafadhali."

Alikuwa bado amepiga magoti, mikono imeganda sukari mpaka viwikoni. Hakuwa analia tena. Alimtazama Mwalimu kwa ule utulivu anaoutumia kutazama kioo kabla ya kukikata, na mimi nilianza kumwogopea Mwalimu upya.

"Ulipokuwa unakwenda kunawa mikono," alisema, "ulikuwa unajichoma."

"Ndiyo."

"Miaka miwili yote ya uchumba wetu."

"Ndiyo."

"Na kaka yako anajua. Na duka la dawa wanajua kidonge. Mimi ninajua pipi."

Mwalimu alijikung'uta makombo kifuani. "Niliogopa utaondoka."

"Kuna lingine unalolificha?"

Hakuna aliyemshika mkono. Hakukuwa na haja. Uso mzima ulikuwa unaonekana.

"Lipo," alisema. "Naogopa kulala peke yangu. Ikishuka nikiwa usingizini, hakuna wa kuniamsha. Siku nyingine naweka saa inilie kila baada ya muda, nakaa kitandani nangoja asubuhi. Sijawahi kumwambia mtu."

Kaka yake aligeukia dirishani.

"Kwa hiyo ulikuwa unatafuta mlinzi wa usiku," alisema mdogo wangu.

"Nilikuwa natafuta wewe." Kisha, kwa kuwa sukari ilikuwa imerudi kichwani na aibu imekuja nayo, akaongeza: "Na mlinzi pia."

"Ungesema mapema tukapatana mshahara."

Nilicheka peke yangu. Yeye hakuwa anatania, au alikuwa anatania kwa namna ambayo bado haijaisha kuuma.

Baba alisogeza kiti, bila sababu, kwa mazoea tu. Alimwangalia dada yake, akamwangalia binti yake, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza maishani kuamua swali amuulize nani.

"Sasa mwanangu," alimwambia mdogo wangu, "ndoa ipo au haipo?"

"Sijui, Baba. Huyu kila akiogopa anakimbilia chooni anafunga mlango. Niliyekaa naye sebuleni simjui."

"Nilikuambia," alisema Shangazi.

"Hukuniambia kitu, Shangazi. Kwa mapigo yake ungeniozesha kwake leo."

Akasimama, akajifuta mikono kwenye gauni lake zuri la Jumapili, akamwinamia Mwalimu Pipi.

"Nenda hospitali. Ukitoka, kesho njoo hapa, tutakaa wawili tu, mimi na wewe. Usimeze chochote cha kukutuliza. Unieleze yote unayoyaogopa, mikono ikitaka kutetemeka iache itetemeke niione. Ukiweza hivyo, mimi nitaolewa na wewe, Shangazi apende asipende. Lakini ukija umetulia, rudi kwenu."